Vitoto Kinywani mwa Pale

Misheck wa Kabuta aliogopa maji ya mbali. Hakusema. Mvuvi akisema anaogopa maji, ni kama padri aogope kanisa. Lakini kaka yake Watson alikwenda kuvua upande wa Kilwa, mbali ziwani, na mawimbi yakarudisha mtumbwi bila yeye. Tangu hapo Misheck alivua karibu na nyumba tu, na karibu na nyumba samaki walikuwa wamekwisha.

Palibaki mahali pamoja. Mbele ya kijiji, ndani ya maji, lilisimama gati la chuma la kiwanda cha samaki kilichofungwa zamani. Daraja lake lilikwisha kung'olewa. Nguzo zililiwa na kutu.

Eness, mjane wa Watson, alifanya kazi na komiti ya uvuvi. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kuligeuza gati lile. Kwanza walitoa mafuta machafu yaliyobaki ndani ya tangi lake la zamani, wakayapeleka nchi kavu, maana mafuta yakivuja yanaua samaki. Juu ya gati wakapanga mitumbwi mibovu, wakaijaza udongo, wakapanda matete. Katikati ya nguzo wakazamisha matawi, vitoto vya samaki vipate kujificha. Mwisho wakazungusha bidoni za manjano, madumu matupu yanayoelea. Ndani ya bidoni, hakuna kuvua.

Ndege wakaja. Samaki wakarudi. Misheck akawaona, na mate yakamjaa.

Asubuhi moja akavuka bidoni. Akatega wavu, akaanza kutumpula, yaani kupiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie wavuni. Po! Po! Po! Mwizi gani anaiba kwa ngoma? Kijiji kizima kilisikia.

Alipofika ufukweni, Eness alikuwa amesimama na Emilienne, mke wa Misheck.

"Mulamu," Eness akamwambia shemeji yake, "ile ngoma ni ya ndoa ya nani?"

"Ah, mulamu! Bale samaki habana na mwenyewe," Misheck akajitetea: samaki wasio na mwenyewe ni wa yeyote.

Emilienne akainama mtumbwini. Akashika samaki mmoja mnene aitwaye pale, akambonyeza shavu. Kinywani mwake vikamwagika vitoto vidogo kama punje za ulezi, kila kimoja na macho yake. Vikarukaruka kwenye mbao za mtumbwi. Kisha vikatulia.

"Yesu wangu," Emilienne akamwambia mumewe. "Baba Bénie, huyu ni mama."

Eness hakutania tena. "Pale anachunga batoto ndani ya kinywa. Ukiua mama mumoja, umeua bengi. Bakiisha hapa, utaenda kuvua wapi?"

Misheck akageukia maji. Wote watatu waliangalia upande wa Kilwa.

"Watson alienda kule sababu huku samaki ilikwisha," Eness akasema polepole. "Sitaki Emilienne abakie mujane sawa miye."

Siku ileile Misheck alirudi kwenye gati na rungu lake. Alilichomeka kwenye udongo kama nguzo, akayafungia hapo matete yaliyokuwa yanalala.

Mvua zilikuja, zikapita, zikaja tena. Pale wakakua, wakajaa, wakaanza kutoka nje ya bidoni. Hapo ndipo Misheck hutega sasa, kwa wavu wenye matundu makubwa, mbele ya macho ya nyumba yake.

Eness hupita kwao mara nyingi wakati wa chakula.

"Mulamu, umesharudi? Ulienda kuvua ao kunawa uso?"

Misheck hucheka. Emilienne hufunua bukari, ugali wa moto, na mvuke hupanda. Eness huuangalia ule mvuke kidogo, akimkumbuka Watson. Kisha hunawa mikono, akaketi nao.