Indira Hakuuliza Habari za Duka

Jumamosi ya punguzo la bei, duka la viatu la Halvorsen mjini Toronto lilifurika watu mpaka mlangoni. Katikati yao dada mmoja mwenye koti jekundu la sufi alikuwa akishika kila kiatu bila kununua. Duarte Medeiros, meneja wa duka, alimvizia weee, mwisho akamwendea.

"Dada, nikusaidie au nimwite mlinzi?"

"Mwizi anachukua viwili. Mimi nashika kimoja kimoja."

"Sasa unafanya nini?"

"Natazama watu wananunua vya bei gani."

"Na unalipwa?"

"Kuliko wewe."

Duarte akacheka mpaka wateja wakageuka. Dada huyo aliitwa Indira Ramdeen. Kampuni aliyofanyia kazi katika Mtaa wa Bay, mtaa wa mabenki, ilitunza fedha za uzeeni za walimu na wauguzi, na yeye alikuwa mmoja wa waliochunguza makampuni na kushauri hisa zipi zinunuliwe na zipi ziuzwe. Jumamosi alizurura madukani kwa sababu, alisema, hesabu za makampuni humfikia mezani zimeshapakwa manukato. Siku hiyo alitoka na buti mpya pamoja na namba ya simu ya meneja.

Wakapendana, tena vibaya. Dona Lurdes, mamake Duarte, alimjazia bakuli la supu ya kabichi kila Jumapili, na Indira naye akimletea mikate ya roti kutoka mtaa wa Scarborough. Kitu kimoja tu kilimkera Duarte. Kila alipoanza kuzungumzia duka, Indira aliziba masikio.

"Leo wamerudisha viatu, Indi, yaani hata..."

"La la la! Sisikii. Mama hajambo?"

"Unaona haya kutembea na muuza viatu?"

"Naona njaa, mpenzi. Tule."

Alikuwa amemweleza mara moja kwamba mtu wa kazi yake akinong'onezwa siri za kampuni, wote wawili wanaweza kufukuzwa. Lakini alimweleza huku akicheka, na Duarte akadhani ni mzaha.

Jumatatu moja ya Novemba, kwenye mkutano wa asubuhi, bosi alitangaza kwamba kampuni ya Halvorsen, yenye duka la Duarte, ichunguzwe, na kazi apewe Indira. Ndiyo kazi aliyoingojea miaka yote, maana atakayeifanya vizuri angekalia kiti cha mkuu wa idara. Indira akasimama.

"Mnitoe kwenye hili. Kuna mtu pale nampenda. Anaitwa Duarte Medeiros."

Watu ishirini wakamkodolea macho. Mmoja akapiga mluzi. Kazi akapewa Graham Tolliver, na Indira akakatazwa kutoa hata neno moja nje mpaka ripoti itoke. Mwanamke gani huyu, jamani! Duarte mwenyewe alikuwa hajawahi kumsikia akisema kwamba anampenda.

Ripoti ilitoka Januari: uzeni hisa za Halvorsen. Kabla ya chakula cha mchana bei ilikuwa imeporomoka, na habari zote zilitaja kampuni ya Indira. Duarte akampigia simu akiwa stoo.

"Umekula mezani kwa mama yangu, Indira."

"Duarte, nisikilize..."

"Kumbe ulikuwa unanitazama kama wale wateja. Umemaliza kunipima?"

"Si mimi niliyeandika!"

"Nani mwingine wa ofisi yenu anayeshinda dukani kwangu? Usinipigie tena."

Indira alipiga hata hivyo, ikaita mpaka ikakatika. Alikwenda dukani, akaambiwa meneja hayupo. Naye meneja alikuwa nyuma ya mlango wa stoo, mkono kwenye kitasa, akiisikiliza sauti ya Indira na kuitamani mpaka ikaondoka. Usiku alilala na skafu ambayo Indira aliisahau kwake. Indira naye, akisikia harufu ya ngozi mpya kwenye treni, aligeuka haraka, kisha akatazama dirishani ili watu wasimwone machozi. Walikuwa mji mmoja wakikonda kwa hamu, na kiburi cha mmoja wao ndicho kilichowazuia kuonana.

Machi ikaja amri ya Halvorsen kulifunga duka la Duarte. Alhamisi moja mwanamume mrefu aliingia akaanza kushika viatu kimoja kimoja.

"Na wewe unatazama watu?" Duarte akamuuliza kwa ukali.

"Kazi tu, kaka. Graham Tolliver." Akasoma jina kifuani kwa Duarte, akashtuka. "Medeiros? Kumbe ndiye wewe! Ulimroga nini Indira?"

"Nimemfanya nini?"

"Alisimama mbele yetu sote akasema atolewe kwenye kazi hii, kuna mtu anampenda hapa. Akakutaja jina. Ripoti niliandika mimi, na kiti cha mkuu wa idara alichokingojea nimekalia mimi. Hakukwambia?"

Indira alikuwa amejaribu kumwambia. Duarte akatoka mbio bila koti, theluji ikimpiga usoni, mpaka Mtaa wa Bay. Indira aliposhuka kutoka ofisini akamkuta ukumbini, anatetemeka, fulana imelowa.

"Watu ishirini wamesikia," Duarte akasema. "Mwenyewe bado."

"Simu hupokei, nikwambie wapi?"

"Hapa."

"Nakupenda, Duarte. Nakupenda, mjinga wewe."

Duarte alimkumbatia, kisha akamwachia taratibu.

"Indi, Jumanne nimetia sahihi kazi ya huko mbali, Halifax. Mkataba wa mwaka mzima. Naondoka Jumapili."

Wiki zote zile Indira amemlilia, na sasa amempata anaaga. Akamfuta theluji kwenye nyusi kwa kidole gumba, polepole.

"Nenda. Ila huendi kapera."

"Unanichumbia?"

"Kesho tukaandikishe ndoa. Kama hutaki, sema mbele ya yule mlinzi, anatusikiliza."

Mlinzi akajifanya anasoma gazeti. Duarte alifungua kinywa ajibu, kilio kikamtangulia, akaitikia kwa kichwa tu, mara nyingi.