Umekula, Pisila?

Jioni ile Akanesi alikuwa anakunja mikeka aliyoianika. Nguruwe walikuwa wanarudi kutoka wangwani, matope hadi tumboni. Moshi wa chakula cha jioni ulitanda kijiji kizima. Nyuma yake akasikia sauti ya binti yake.

"Mama, nakuja."

Akanesi alifurahi mno. Tangu Pisila aletwe nyumbani, alikuwa hajawahi kumwita mama.

"Njoo, mwanangu," akajibu, akageuka.

Pisila alikuwa amesimama penye lango la ua, amempa mgongo. Alikuwa anaitazama njia ya makaburini. Njia ilikuwa tupu.

"Bado sijala," Pisila akasema kwa upole, kama anamjibu mtu aliye karibu. "Nakusubiri wewe."

Nywele zilimsimama Akanesi. Mkeka ukamponyoka mikononi.

Pisila alikuwa mtoto wa Akanesi kwa kuzaliwa, lakini hakulelewa naye. Alipoacha kunyonya tu, Lupe, dada mkubwa wa Feleti mumewe, alikuja kutoka visiwa vya Ha'apai akamtaka. Lupe hakuwa na mtoto. Na Tonga nzima inajua kwamba shangazi akitaka, hapingwi. Neno lake kwa watoto wa kaka yake hupita neno la baba. La mama ndiyo kabisa, halihesabiki. Akanesi alimvika mtoto nguo safi, akatabasamu, kisha akaenda kulia jikoni.

Sasa Lupe alikuwa amekufa. Maiti ililetwa kwa meli ili izikwe nyumbani, na Pisila, msichana mkubwa sasa, alikuja na meli hiyo hiyo. Akanesi alijiambia kwamba Mungu amemrudishia mtoto wake. Kumbe alirudishiwa nusu.

Kila jioni Pisila alizungumza na njia tupu. Chakula hakukigusa. Ule mkeka mkubwa uliochakaa, aliofungwa kiunoni siku ya msiba, alikataa kuuvua. Alilala nao.

Hata mchana hapakuwa na amani. Siku moja, jua la utosi, Akanesi alisikia nyundo ya kupondea magome ya kutengenezea nguo kwenye kibanda cha nyuma. Ko, ko, ko. Alikwenda kutazama. Pisila alikuwa amekaa peke yake, mikono mapajani. Nyundo ilikuwa sakafuni, mbali naye.

"Nani alikuwa anaponda?" Akanesi aliuliza.

"Mama," alisema Pisila. "Anamalizia nguo yake."

Akanesi alitoka mbio, wala haoni aibu kusema hivyo.

Kisha likaja kubwa zaidi. Jioni moja walimkuta Pisila ndani ya wangwa, maji kifuani, anazidi kwenda. Feleti alijitosa majini na nguo zake, akambeba hadi ufukoni.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Feleti alimuuliza.

"Ameniita nikale kwake."

Fatai, mdogo wake Lupe, ndiye aliyekuwa shangazi mkubwa sasa. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliposikia habari hiyo alikuja siku ya pili yake.

"Huyu ameshikwa na marehemu," alisema. "Ule mti wa makaburini umeingiza mizizi kwa Lupe. Inamchoma mifupa. Ndiyo maana anasumbua. Ijumaa tunafukua kaburi, tunakata mizizi, mtoto anapona."

Feleti alikuwa nje barazani. Kwa mila yao, kaka mtu mzima hakai kwa raha chumba kimoja na dada yake. "Hajawa mifupa bado, dada," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani amekuuliza?"

Akanesi alimmiminia Fatai chai. Lakini moyoni aliingiwa na hofu mbili. Aliogopa watakachokiona kaburini. Na aliogopa zaidi kwamba Ijumaa ni mbali, na jioni huja kila siku.

Kesho yake alikwenda zahanati, akajifanya anaumwa kichwa. Muuguzi alimtazama, akafunga mlango. Akanesi akasema yote.

"Hili si la vidonge peke yake," muuguzi alisema. "Nenda kakae na mtoto, usimwache peke yake. Nampigia simu afisa ustawi wa jamii. Anakuja leo leo."

Afisa huyo aliitwa Kalolaine. Alikuja na gari kuukuu, amefunga mkeka wa heshima kiunoni. Hakumkimbilia Pisila. Alikwenda moja kwa moja kwa Fatai, akakaa chini, akamsalimia kwa adabu zote.

Fatai alimtazama juu hadi chini. "Ahaa! Wewe ndiye unayepakia watoto wa watu kwenye gari?"

"Gari lenyewe lina viti viwili, Shangazi, na kimoja kimevunjika."

Fatai alitaka kucheka, akajizuia.

"Kumtoa mtoto kwao ni jambo la mwisho kabisa," Kalolaine aliendelea. "Ni pale nyumba yenyewe inapomdhuru. Kazi yangu ya kila siku ni kusikiliza. Najua nani anahitaji nini, halafu namkutanisha na wanaoweza kumsaidia."

"Kwa hiyo huamini kwamba marehemu anaweza kumshika mtu."

"Sikuja kupima imani yenu, Shangazi. Nimekuja kwa sababu mtoto hali, na ameingia majini. Hayo mawili hayangoji Ijumaa."

Fatai aligeukia mlango. Akaamuru watu waitwe. Pisila akaketishwa katikati, wakamzunguka kaka zake wawili wa tumbo moja, wazazi wake na shangazi.

"Haya, sema," Fatai alimwambia.

Pisila aliinamisha kichwa.

Kalolaine aliwatazama vijana wale wawili. "Samahani," alisema. "Dada atafunguaje moyo mbele ya kaka zake?"

Wote wakatazamana. Jambo hilo walilijua tangu utotoni. Kwa hofu tu walikuwa wamelisahau. Vijana wakaenda shambani kwenye viazi vikuu, Feleti akarudi barazani.

"Pisila," Kalolaine alisema, "ungependa nani akae nawe?"

Msichana aliinua kichwa. Kisha akamwonyesha Akanesi kwa kidole. Akanesi alidhani ameona vibaya.

Walikwenda watatu kwenye kibanda cha magome. Nyundo ilikuwa juu ya gogo. Akanesi aliikazia macho muda wote.

"Utakayoniambia ni siri yako," Kalolaine alianza. "Isipokuwa jambo moja. Nikiona uhai wako uko hatarini, nitawaambia wanaoweza kukulinda. Na nitakuambia wewe kwanza."

Kimya kikatanda. Akanesi alitaka kusema lolote, bora kimya kile kiishe, lakini Kalolaine alimgusa goti. Wakangoja. Upepo ulikuwa umekufa, na bado majani makavu yalikuwa yanachakacha nje, kama mtu anatembea taratibu, anasimama, anatembea tena.

"Pisila," Kalolaine aliuliza kwa upole, "unawaza kufa, ili umfuate?"

Akanesi alishtuka. Anamtia mtoto maneno gani hayo!

Lakini Pisila alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo. "Jioni tu," alisema. "Akiita."

"Asante kwa kuniambia."

Baadaye Kalolaine alimweleza Akanesi kwamba kumuuliza mtu swali hilo waziwazi hakumwingizii wazo la kufa. Humpa nafasi ya kulitoa. Wengi hungoja waulizwe, na hakuna anayewauliza.

"Mara ya mwisho kumwona Mama Lupe ilikuwa lini?" Kalolaine aliuliza.

"Kabla hawajafunga jeneza kule Ha'apai. Kwa mbali."

"Na huku, msibani?"

"Nilikuwa nyuma, kwenye mashimo ya kuokea chakula. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Watoto wa kaka hawaisogelei maiti ya shangazi. Nilipika. Nilisikia nyimbo, nikapika. Kisha wakanikata nywele, wakasema basi, imekwisha." Sauti ilianza kumkatika. "Sikumwona akiingia chini. Sasa nitajuaje kama amekufa? Kila jioni aliniuliza, umekula, Pisila? Bado ananiuliza. Nisipomjibu mimi, nani atamjibu?"

Akalia. Akanesi naye akalia. Siku ile ya msiba alipishana na mtoto huyu katika moshi, akampa kuni, wala hakumuuliza neno. Alikuwa na wivu na marehemu, na wivu ulimziba macho. Alimvuta Pisila kifuani, na Pisila hakujitoa.

Kalolaine aliomba ruhusa kwa Pisila, akawaambia wazazi na Fatai mambo yale tu yaliyohitaji kusemwa.

"Leo hii tunakwenda hospitali, akaonwe na daktari wa akili," alisema. "Huenda ni majonzi, huenda kuna ugonjwa pia. Daktari ndiye atakayesema, si mimi. Majani ya mganga mkitaka kumpa, mwambieni daktari kwanza. Na kila jioni mtu mmoja akae naye. Si kumchunga kama mwizi. Kukaa naye."

"Na kaburi?" Fatai aliuliza.

"Mila siwezi kuigusa, Shangazi. Mwenye uwezo huo ni wewe. Mtoto huyu hakupata kumuaga aliyemlea."

Fatai, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikaa kimya mpaka watu wakaogopa.

"Nilimweka jikoni kama mtoto wa kaka," alisema mwishowe. "Kumbe ndiye aliyefiwa. Hatufukui. Akitoka hospitali, nileteeni mawe ya kupamba kaburi."

Daktari alimpa Pisila dawa na kumpangia siku za kurudi. Alipopata ruhusa, ukoo ulikwenda makaburini. Popo walikuwa wananing'inia kwenye ule mti, weusi, mamia, wala hata mmoja wao hakulia. Wanawake waliosha mawe meusi madogo ya kisiwa cha Tofua, wakayapaka mafuta yenye manukato. Fatai alimfungua Pisila ule mkeka uliochakaa kwa mikono yake mwenyewe. Akamketisha kichwani mwa kaburi, mahali pa wakubwa. Yeye akakaa chini, nyuma yake.

"Mama, nimekuja," Pisila alisema.

Alipanga mawe moja moja juu ya mchanga mweupe. Kisha akalia kwa sauti, mpaka popo wote wakaruka na kuifunika anga.

Hakupona kwa siku moja. Zilikuwapo jioni mbaya. Kalolaine aliendelea kuja, mwanzo mara kwa mara, baadaye kwa nadra. Pisila alianza kwa vijiko viwili vya majimbi, akafika sahani. Alirudi shule. Siku moja alimwita Akanesi mama, mbele yake, uso kwa uso.

"Kazi yangu ikienda vizuri, mnanisahau," Kalolaine aliwaambia akiaga.

"Tengeneza kiti cha gari lako," Fatai alimjibu, "tukusindikize."

Jioni moja Akanesi alikuwa anakunja mikeka uani. Ndani, Pisila alikuwa amemaliza kula majani ya majimbi kwa tui, na sahani zilikuwa zinagongana kwa kuoshwa. Hapakuwa na upepo. Lango la ua lilifunguka polepole, likabaki wazi. Karibu na sikio lake, sauti aliyoijua ikauliza:

"Amekula?"

Nywele zilimsimama Akanesi. Lakini safari hii hakukimbia.

"Amekula, wifi," alisema. "Ameshiba. Nenda kapumzike."

Akangoja kidogo. Kisha akaenda, akalifunga lango.