Paka Waliorudi na Gunia

Nyumbani wananiita Wakili. Baba anadai ni kwa sababu napenda kubishana. Mimi nasema jambo lisilo haki hunikwama kooni, na nikijaribu kulimeza halishuki.

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ni kushuka na ndoo ya taka kutoka kwetu ghorofani hadi kwenye pipa lililo nyuma ya nyumba. Paka huwa wamejipanga juu ya ukuta wakinisubiri kama wateja. Pipa lenyewe halina kifuniko. Lilikuwa nacho, kizito cha chuma, lakini mwenyekiti wa wapangaji alikichukua akaezekea banda la kuku wake. Kisha mtu huyohuyo anashinda akilalamika kwamba paka wamezidi na taka zimetapakaa uani. Hebu niambie, hapo utaachaje kukasirika?

Kati ya paka wale nilimpenda mmoja wa kijivu, mwenye mkia uliokatika. Nilimwita Kibutu. Alikuwa amezaa kwenye stoo ya baba iliyo chini ya ngazi. Baba yangu ni fundi bomba, na stoo yake imejaa mabomba, koki na matambara. Watoto wa Kibutu walilala kwenye matambara hayo, macho yao bado yamefumba.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikawasikia wakilia. Sauti zao zilikuwa nyembamba, na zilikuwa zimeanza kukauka. Nikapanda ngazi mbiombio.

"Mama, Kibutu yuko wapi?"

Mama ni fundi cherehani. Alisimamisha mashine yake, lakini hakuniangalia. "Muulize baba yako," alisema.

Baba alikuwa mezani anakula. Alisema mwenyekiti alimwomba asubuhi awakamate paka wote, awatie kwenye gunia na kuwapeleka ng'ambo ya reli kwa pikapu yetu. "Kule kuna soko, mwanangu. Watakula washibe," alisema.

"Baba, yule ana watoto wachanga. Wako kwenye stoo yako mwenyewe."

Tonge lilibaki mkononi mwake. Aliapa kwamba hakujua, nami nikamwamini, lakini hasira haikupungua hata kidogo. Mama alijaribu kuwadondoshea maziwa vitoto vile kwa pamba, yakawa yanatoka pembeni mwa midomo. Mmoja alikuwa baridi mkononi mwangu kama kijiko.

"Wasiponyonya leo, hawa hawaioni kesho," mama alisema.

Baba akautwaa ufunguo wa pikapu. "Wakili, twende," akasema.

Ng'ambo ya reli anaishi shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye ana saluni mkabala na soko. Tulimkuta anamsuka mteja. Nikamwamkia, akaitikia, kisha bila hata kutukaribisha akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu, ujionee tunavyodharauliwa. Leo asubuhi kuna kiumbe asiye na haya amekuja kutumwagia paka hapa. Gunia zima. Mtaa wetu umekuwa jalala la watu?"

Baba aliinua macho akaanza kuikagua feni ya darini kana kwamba ameitwa kuitengeneza.

"Shangazi," niliuliza, "mmoja wao alikuwa na mkia uliokatika?"

"Huyo huyo! Kaingia mpaka humu ndani analia, anazunguka mlangoni. Lakini sisi nasi si wajinga. Muuza mkaa amewakamata mchana huu, na wetu wawili watatu juu yake, akawatia kwenye gunia na kuwapakia kwenye mkokoteni kuwapeleka nyuma ya ile gereji kubwa."

Nyuma ya gereji kubwa ni kwetu. Pipa letu linapakana na ukuta wa gereji ile.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kumpigia mtu kelele, sijui nani. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanarushiana paka kama mpira, na kila upande ulijiona umesafisha mtaa. Baba aliaga haraka. Shangazi alibaki na kitana hewani, anatushangaa.

Tulipofika nyumbani gunia lilikuwa tupu kando ya pipa, na paka walikuwa juu ya ukuta, wengi kuliko wa asubuhi. Mwenyekiti alikuwa amechutama anakoroga kitu kwenye kopo. Ilikuwa nyama ya kusaga, na kando yake kulikuwa na pakiti ya sumu ya panya.

"Wamerudi na wenzao," alituambia. "Safari hii ninawamaliza."

"Mzee, hapa watoto wanacheza," nikasema. "Mjukuu wako anatambaa hapahapa na kila kitu anatia mdomoni. Na hao kuku wako, wakidonoa hiyo nyama utamlaumu nani? Chakula cha paka kimejaa kwenye pipa kwa sababu kifuniko..."

"Wewe mtoto, adabu."

"Adabu anayo, mzee," baba alisema. "Mimi ndiye niliyefanya ujinga leo asubuhi. Tusiongeze mwingine." Akalichukua kopo na pakiti, akavifungia ndani ya pikapu.

Kibutu hakungoja mabishano yaishe. Aliruka kutoka ukutani, akapita katikati ya miguu yetu, akaingia stoo. Nilipochungulia, vitoto vilikuwa vimeng'ang'ania tumboni kwake. Hata yule wa baridi alikuwa ananyonya. Nikakaa palepale sakafuni na kulia.

Jioni hiyo baba alipiga simu kwenye kliniki ya wanyama ya manispaa. Jumamosi daktari alifika na mitego ya waya yenye dagaa ndani, na kila paka aliyenaswa alifunikwa kitambaa ili atulie. Kibutu aliachwa anyonyeshe kwanza. Zamu yake ilifika wiki kadhaa baadaye, wanawe walipoanza kula. Paka walipigwa sindano ya usingizi, wakafungwa kizazi na kuchanjwa kichaa cha mbwa, kisha wakakatwa ncha ya sikio kidogo tu wakiwa bado wamelala, iwe alama kwamba wameshafungwa. Mbwa wa mtaani pia hufanyiwa hivyo. Jioni ya Jumamosi ile daktari aliwarudisha paka uani.

Mwenyekiti akaguna. "Yaani daktari, unaturudishia walewale?"

"Ndiyo, walewale. Hawatazaa tena na hawataleta ugonjwa. Ukiwaondoa na taka zikabaki wazi, wengine watakuja, maana chakula kipo."

Shangazi alikuwepo, amekuja kumwomba daktari afike na mtaani kwake. Alimtazama Kibutu, akamgeukia baba.

"Huyu paka namjua," alisema.

Baba akakohoa. "Dada, yule kiumbe asiye na haya ni mimi."

"Nilijua ulipoanza kuangalia feni." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Wewe ulikosea, na mimi nilikosea vilevile. Shida ukiibeba ukaitua mlangoni kwa mwenzako hujaitatua, umeisafirisha tu. Na aliyeumia ni kiumbe asiyeweza kusema. Tuanze na uchafu wetu wenyewe, hapahapa tulipo."

Mwenyekiti alijikuna kidevu, akaenda bandani, akakivua kile kifuniko kwa mikono yake mwenyewe. Baba alimwezekea banda lake kwa bati jingine siku hiyohiyo.

Siku hizi nikishuka na ndoo, inabidi niinue kifuniko kwa mikono miwili. Kibutu ananiangalia kutoka ukutani na wala hajisumbui kuinuka. Juzi mwenyekiti alipita hapo akaniambia, "Wakili, funika vizuri. Usituletee paka."

Jibu nilikuwa nalo, tena limeiva. Nikakitazama kifuniko, kiko mahali pake, nikalimeza. Mara hii lilishuka.