Kitufe cha Pili cha Kontroli

Kila siku kengele ya kutoka shuleni ilipolia, Zuhura hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia Mwembesongo, kwenye duka la Mama Altaf la kupiga chapa na kutoa fotokopi. "Shikamoo, Mama Altaf," alisema mlangoni, na kabla hajaitikiwa macho yake yalikwishafika kwenye kompyuta.

Jamani, kompyuta ile. Mwaka huo wa 1997 madukani Morogoro bidhaa za nje zilikuwa zimejaa tele, lakini kitu kama hicho mtaa mzima haukuwahi kukiona. Mwalimu Leonard alimchagua Zuhura akapige chapa kijitabu cha kuagana cha darasa la saba, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa tahajia. Mama Altaf akamfundisha kwamba ukibonyeza kitufe cha Kontroli pamoja na herufi fulani, aya nzima inatoweka, kisha unaiita mahali pengine nayo inakuja, haijapungua hata nukta. Mara ya kwanza mwili ulimsisimka Zuhura. Alichungulia nyuma ya kioo kutafuta aya ilikojificha.

Tena Zuhura ana shoto. Tangu utotoni aliambiwa apokee kwa mkono wa kulia, atoe kwa wa kulia, ale kwa wa kulia. Kuandika tu ndiko walikomwachia. Sasa kumbe ipo mashine ambayo herufi za kukata, kunakili na kubandika zote ziko kushoto! Akauachia mkono huo kazi yote: kidole kidogo kimekandamiza Kontroli, vingine vinajinyoosha kutafuta herufi, kiganja kimejipinda. Mkono wa kulia ulikaa mapajani kama mgeni.

Wiki ya pili kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Zuhura akanyamaza, maana akisema atanyimwa kompyuta. Lakini mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza siku tisa, na kwenye zoezi la insha kalamu ilimponyoka mara tatu. Alirudisha nusu ukurasa.

"Umepatwa na nini?" Mwalimu Leonard alimuuliza.

"Nimechoka tu, mwalimu."

Alikwenda na uongo huo mpaka dukani. Alipobonyeza Kontroli, maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko, machozi yakamtoka. Mama Altaf aliwaacha wateja akaja.

"Tangu lini?"

"Wiki nzima. Niliogopa utanikataza."

"Nimepiga chapa ofisini miaka ishirini, mwanangu. Ungeniambia siku ya kwanza." Aliushika ule mkono taratibu. "Mashine ya chapa ina kitufe cha herufi kubwa kushoto, na kingine kulia. Unadhani aliyeitengeneza alijisahau akaweka viwili? Ukitaka A kubwa, herufi iko kushoto, basi unakandamiza cha kulia. Hebu tazama hapa chini."

Zuhura akatazama. Upande wa kulia wa kibodi kulikuwa na kitufe kingine cha Kontroli. Siku zote kilikuwepo, naye hakukiona. Mama Altaf alikikandamiza kwa mkono wa kulia, na kwa kidole kimoja cha kushoto akagusa herufi, kwa wepesi, kiganja kimenyooka. Aya ikatoweka, ikarudi.

"Haya, hugusi tena mpaka mtihani uishe," Mama Altaf alisema. "Kijitabu nitamalizia mimi. Na kesho umwambie mwalimu ukweli."

Hilo liliuma kuliko kifundo. Hata hivyo Zuhura alimwambia, na Mwalimu Leonard akawa anampa maswali ya kujibu kwa mdomo. Siku ya mtihani kalamu haikuponyoka hata mara moja.

Alitoka pale mbio hadi dukani. "Mama Altaf, nimeandika mpaka mstari wa mwisho. Naweza kukaa sasa?"

"Mkono vipi?"

Zuhura alikitazama kiti. Kusema "mzima" kulikuwa rahisi kabisa.

"Bado unauma kidogo," akasema.

Mama Altaf alitabasamu, akakaa mwenyewe. "Nilikuwa nakungoja useme hivyo. Mwili ukiuma, mwanangu, sema mapema, usifiche maumivu ili upewe kazi. Na kazi ya mikono miwili usiubebeshe mmoja. Leo nisomee barua hii, mimi nachapa. Wiki ijayo utakaa wewe."

Zuhura akaanza kusoma, huku kila mara akiitupia jicho mikono ile miwili.