Kamba ya Mguu wa Sekela

Watoto, hebu vuteni miguu yenu karibu. Hesabuni vidole. Vyote vipo? Haya, tuanze.

Sekela alikuwa na miaka sita. Alikaa na Bibi yake huko Rungwe, kwenye migomba mingi, chai nyingi, na mvua isiyojua kuchoka.

Mama yake alikuwa mbali, Dodoma. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kila asubuhi aliwapikia uji watoto wa watu, wengi ajabu, lakini mtoto wake mwenyewe hakuwepo kwenye foleni.

Sekela alimkumbuka Mama wakati wa uji. Alimkumbuka wakati wa kuoga. Jioni alimkumbuka zaidi, hata tumbo likamwambia lina njaa, kumbe amekula ameshiba.

Kabla hajaondoka, Mama alichukua kamba ya mgomba, ile kavu. "Simama wima," alisema. "Usicheke."

"Unanitekenya, Mama!"

Mama alipima mguu wa Sekela, kutoka kisigino mpaka kidole gumba. Akafunga fundo, akakata.

"Nikiona viatu vizuri, nitanunua kwa kamba hii," alisema Mama. "Hata usipokuwepo, mguu wako ninao." Akaitia kamba kwenye mkoba.

Huko kwao viatu vya watoto hununuliwa hivyo. Mtu haendi sokoni na mguu wa mtoto. Anakwenda na kamba.

Mvua ikanyesha juu ya bati, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Mgomba mdogo ukawa mrefu. Kifaranga cha Bibi kikawa kuku. Sekela naye alikua, ila hakuna aliyemwambia.

Siku moja likaja boksi kwa basi. Ndani yake kulikuwa na viatu. Vya bluu! Vina kifungo kinachong'aa! Sekela akavinusa, akaona ananusa mikono ya Mama.

Akasukuma mguu wa kushoto. Ukaingia. Akasukuma mguu wa kulia. Ukakataa. Akakunja vidole, akasukuma tena, akauma meno. Ukaingia.

Akatembea kwenye sakafu. Ko, ko, ko.

"Vinakutosha?" aliuliza Bibi.

"Vinanitosha, Bibi."

Haikuwa kweli, na Sekela alijua. Lakini viatu hivi vilitoka kwa Mama. Visipomtosha, atapewa mtu mwingine. Na Tumpe, mtoto wa jirani, alikuwa ameshavikodolea macho.

Jumapili Mama akapiga simu.

"Viatu vinakutosha, mwanangu?"

"Vinanitosha, Mama."

"Basi shule ikifungwa, nakuja. Uje kunipokea barabarani umevivaa. Nataka nivisikie. Ko, ko, ko!"

"Ko, ko, ko," akajibu Sekela. Simu ikakatika.

Tangu siku hiyo Sekela alivaa viatu vyake kila siku, ili mguu uvizoee. Mguu haukuvizoea. Kidole gumba kikaanza kupwita. Pwi! Pwi! Pwi!

Sekela akainama, akakinong'oneza:

"Nyamaza, kidole, nyamaza.
Mama anakuja."

Jumamosi ni siku ya kucha. Bibi akashika wembe, kama kawaida yake. Akakata kucha za Sekela duara, akachimba na pembeni kabisa, mtu angedhani anatafuta viazi. Bibi alikuwa na mapenzi mengi na macho machache. Hakuona kwamba kidole ni chekundu.

"Aii!" alilia Sekela.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bibi."

Ukucha ukaanza kuota kwa ndani, ukachoma nyama. Pwi! Pwi! Pwi!

"Nyamaza, kidole, nyamaza.
Mama anakuja."

Wakati wa kulala, Sekela alivua viatu taratibu. Akaviweka karibu na mto. Akalala ameshika kifungo kimoja.

Alhamisi asubuhi, Bibi alimtazama akivuka uwanja.

"Mbona unachechemea?"

"Sichechemei."

"Hata kuku wangu aliyekanyagwa na baiskeli anatembea vizuri kukushinda wewe. Njoo hapa."

Bibi akamvua kiatu. Akamvua na soksi. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, na pembeni mwa ukucha kulikuwa na usaha kidogo.

Bibi akakaa chini. "Jamani! Mguu wa mjukuu wangu!"

"Usimwambie Mama," alisema Sekela. Machozi yakaanza kumtoka.

Bibi hakugomba. Alifunga kanga, akamweka Sekela mgongoni. "Leo ndiyo siku ya daktari wa miguu pale zahanati," alisema. "Shikilia vizuri. Duh! Wewe ni gunia la viazi sasa." Sekela alishikilia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika viatu vya bluu.

Kwenye benchi la zahanati kulikuwa na miguu tu. Babu mmoja alikuwa na nyufa kwenye visigino, kama matope yaliyokauka. Mama mmoja mchuma chai alivua buti zake za mvua. Ngozi ilikuwa nyeupe katikati ya vidole, na alijikuna, kwarakwara! Fundi mmoja alikuwa na sugu kubwa chini ya unyayo.

Sekela alishangaa. Kumbe miguu ya watu wazima nayo inauma!

Daktari wa miguu aliitwa Daktari Lugano. Alikuwa mwanamke mrefu, na alikuwa na tabia moja ya ajabu. Alisalimia miguu kwanza, ndipo akasalimia watu.

"Hujambo, mguu wa kulia?" alisema. "Mbona kimya? Umenuna?"

"Haujanuna," alisema Sekela. "Unauma."

"Basi tutaufanyia taratibu. Ukisema simama, nasimama."

Akautia mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Chubwi! Akaukausha. Akachukua kipamba kidogo sana, akainua pembe ya ukucha.

"Simama!" alisema Sekela.

Daktari Lugano akasimama kweli. Akangoja. Kisha akaendelea. Sekela akasema simama mara ya pili, na daktari akasimama tena. Mwisho akafunga kidole kwa bandeji nyeupe.

"Nani amekata kucha hizi?" aliuliza.

Bibi akatazama dirishani. "Mimi," alisema.

"Shikamoo, Bibi. Ukucha wa mguu tunaukata moja kwa moja tu. Pembe zake tunaziacha. Tukizichimba, ukucha unarudi kwa hasira na kuingia kwenye nyama."

"Marahaba," alisema Bibi. "Makubwa! Miaka yote hii mimi nakata duara, nikidhani napendezesha!"

Kisha daktari akachukua kiatu cha bluu. Akaushikanisha unyayo wa Sekela na soli yake. Kidole gumba kikachungulia kwa mbele.

"Nani alipima mguu huu?"

"Mama," alisema Sekela. "Kwa kamba."

"Lini?"

"Mwaka jana," alisema Bibi polepole. "Wakati wa kupanda mahindi."

"Mama alipima vizuri sana," alisema Daktari Lugano. "Ila kamba haikui, Sekela. Mguu unakua."

Sekela akafikiri. Akauliza kwa sauti ndogo, "Unaweza kuurudisha? Uwe kama ule wa kwenye kamba?"

"Siwezi, mama. Na ningeweza, nisingeurudisha. Ni mguu mzuri."

"Lakini Mama anakuja keshokutwa," alisema Sekela. "Atautafuta mguu wake ule. Hatauona." Hapo akalia kweli, kwa sauti, mpaka mchuma chai akaacha kujikuna.

Daktari Lugano hakumharakisha. Alimshika kisigino tu, akangoja kilio kiishe. Kisha akasema, "Viatu vya kufunika, hapana, mpaka upone. Vaa ndala. Kila jioni maji ya uvuguvugu, na ukaushe katikati ya vidole. Alhamisi ijayo nataka kukiona kidole changu hapa. Na siku ukinunua viatu vingine, mbele ya vidole pabaki nafasi ya kutosha kidole gumba cha mkono wako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi ikafika. Mvua ikapumzika kidogo. Sekela na Bibi wakaenda barabarani. Miguuni alikuwa na ndala. Mkononi alikuwa na viatu vya bluu.

Pata, pata, pata. Si ko, ko, ko. Pata, pata, pata tu. Sekela alitamani barabara iwe ndefu zaidi, na alitamani basi lifike sasa hivi. Alitamani yote mawili pamoja.

Kidole kikapwita kidogo. Pwi. Sekela akakinong'oneza, Bibi akamsikia:

"Nyamaza, kidole, nyamaza.
Mama anakuja."

Vuuuu! Basi likaja. Kshhh! Likasimama. Akashuka mwanamke mwenye mkoba.

Alikuwa Mama. Kabla hajasema neno, alitega sikio.

Pata, pata, pata.

Sekela akasimama mbali kidogo. "Mama, nilikudanganya," alisema. "Vilinibana. Mguu umekua. Nilijaribu kuuzuia, ukakataa."

Mama aliacha mkoba uanguke kwenye matope. Akapiga magoti barabarani, na gauni lake safi. Akafungua mkoba, akatoa kamba ya mgomba. Ilikuwa imekuwa nyeusi na laini kwa kushikwashikwa.

Akaiweka kwenye kisigino cha Sekela. Akaivuta mbele. Kamba ikaishia katikati ya kidole gumba.

Mama akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Kamba hii nalala nayo," alisema. "Kila siku naishika mkononi, najiambia, nimeushika mguu wa Sekela. Kumbe mguu wenyewe ulikuwa huku, unakua bila mimi." Akalia, na huku anacheka.

"Umehuzunika kwa sababu ya viatu?"

"Viatu? Viatu ni viatu tu. Nilikuwa na hamu na wewe."

"Mimi nalala na viatu," alisema Sekela. "Nashika kifungo."

Mama akamkumbatia kwa nguvu. "Basi tumelala pamoja siku zote, mwanangu. Mimi na kamba, wewe na kifungo."

"Na mimi peke yangu na kuku," alisema Bibi. "Haya inukeni, mvua inarudi."

Njiani walipita kwa akina Tumpe. Sekela alimvalisha viatu yeye mwenyewe. Akabonyeza mbele ya vidole kwa kidole gumba chake, kama alivyoagizwa. Nafasi ipo! Tumpe akaondoka bila hata kusema asante. Ko, ko, ko! Ko, ko, ko!

Sekela alivisikia vikienda. Moyo ulimuuma kidogo tu, maana mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama.

Jioni Mama alileta beseni. Chubwi! Akauosha mguu, akaukausha. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Katikati pote pakavu.

Sekela akapanda kitandani. Mama akaushika mguu wake kwa kiganja chote. Mguu ulikuwa na joto. Kamba haikuwahi kuwa na joto.

"Mama, utaondoka tena?"

Mama hakumdanganya. "Shule ikifunguliwa, nitaondoka."

Sekela akafikiri. Akatelemka kitandani, akatafuta kamba nyingine ya mgomba. "Simama wima," akamwambia Mama. "Usicheke."

"Unanitekenya!" alisema Mama.

Sekela alipima kutoka kisigino mpaka kidole gumba. Akafunga fundo. Akaiweka kamba chini ya mto, pale palipokuwa na viatu.

"Wewe umeshamaliza kukua," alisema. "Kamba yako haitadanganya. Yangu nitakuwa nakupimia mpya kila mwezi, na Bibi atakutumia kwa basi."

"Kila mwezi," alisema Mama. "Usisahau hata mmoja."

Sekela akarudi kitandani, kisha Mama akainama mpaka kwenye bandeji nyeupe. Akakinong'oneza kidole, maana Bibi alikuwa amemsimulia kila kitu:

"Nyamaza, kidole, nyamaza.
Mama amekuja."

Lakini kidole kilikuwa kimenyamaza kitambo. Na Sekela pia, amelala, mguu wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Nanyi watoto, nipeni miguu yenu niione. Lo, imekua tangu tulipoanza! Ifunikeni vizuri, ilale.