Uzi wa Chini

Asubuhi hiyo uzi wa chini ulitokea juu.

Kwa mtu asiyeshona, hilo si neno. Uzi wa juu hutoka kwenye rola, wa chini hutoka kwenye bobini iliyofichwa tumboni mwa cherehani, na nyuzi hizo mbili zinatakiwa kukutana katikati ya kitambaa, mahali ambapo jicho halifiki. Ukikaza mno tensheni, kile kigurudumu cha mbele kinachobana uzi, ule wa chini unavutwa mpaka unachungulia juu. Unalegeza kidogo, unajaribu kwenye kipande cha kitambaa, unaendelea na maisha. Jecinta alilegeza. Alijaribu. Uzi wa chini ukazidi kutokea.

Kilichomfanya aondoe mguu kwenye pedali ni rangi. Bobini alikuwa ameijaza mwenyewe, uzi mweupe. Huu uliokuwa unatoka ulikuwa wa rangi ya udongo uliolowa, na ulinuka karafuu maiti.

"Mama Sadia, kuja uone hii kitu."

Hamdia, mwenye duka, hakuinua macho kwenye simu. "Nione nini? Kama tensheni imekushinda, sema imekushinda."

"Niliweka nyeupe."

"Jana si mlikuwa na kesha kanisani? Huo ni usingizi unakuonyesha rangi."

Angeinuka hatua mbili tu, Hamdia angekitambua kile kipande ambacho Jecinta alikuwa anajaribia. Kilikuwa pamba nyeupe, nzito, safi, na Jecinta alikikuta kwenye rafu ya juu kimekunjwa vizuri. Kilikuwa sanda.

Mwezi uliopita mama mkwe wa Hamdia, Bi Awo, alikufa. Watu wa Hamdia hawashoni sanda. Inachanwa kwa mkono, maiti anafungwa kwa vipande vya kitambaa hichohicho, na kinachobaki hupelekwa msikitini kimsubiri maiti asiye na mtu. Siku ya mazishi Hamdia alilia, na alilia vizuri. Waombolezaji waliotoka Garbatulla walisema huyo ndiye mkaza mwana. Machozi yakiwa bado mabichi, alikunja mabaki akayaweka chini ya buibui, kwa sababu pamba kama ile siku hizi haipatikani. Alitaka kushonea mto. Halafu akasahau.

Jecinta alikuwa Mturkana wa Burat, watu wanaozika na suti na jeneza. Aliona pamba, naye alihitaji kipande cha kujaribia. Akawa anakishona kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, mstari mmoja juu ya mwingine, akigeuza kigurudumu, kaza, legeza, kaza.

Kufikia saa nne mshono ulinyooka wenyewe. Haukuwahi kunyooka hivyo. Jecinta akavuta satini ya gauni la harusi la Sadia, binti wa pekee wa Hamdia, akamalizia mbavu zote mbili bila uzi kukatika hata mara moja. Harusi ilikuwa karibu na hakuwa na muda wa kushangaa.

Mchana Sadia alikuja kulijaribu, na mama wa bwana harusi akaja naye. Huyo aliitwa Batula, mwanamke wa kusema polepole, anayekagua nyumba ya watu kwa macho huku mdomo unasifia chai. Walikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Gauni lilimkaa Sadia kama limemiminwa.

"Mashallah," alisema Batula. "Limekaa. Pengine limekaa sana."

"Ndiyo staili," alisema Hamdia.

"Hooyo," Sadia alimwambia mama yake, "mbona linazidi kubana?"

"Vuta tumbo ndani. Nilikuambia uache chipsi."

"Hooyo, sichezi. Linavuta."

Hapo wote wakasikia. Ilikuwa sauti ndogo, tik, tik, tik, ya sindano inayopita kwenye kitambaa, nayo ilitoka kwenye mwili wa msichana. Mishono ya mbavuni ilikuwa inatembea. Satini ilijikunja, ikaingia ndani, na Sadia akafungua mdomo apige kelele lakini hakuwa na pumzi ya kelele. Hamdia alichukua mkasi akalichana gauni kuanzia shingoni hadi kiunoni, likaanguka chini lote, na pale lilipoanguka ndipo walipoona kwamba kitambaa kimetoka lakini uzi umebaki, uzi wa rangi ya udongo, umepita kwenye ngozi ya msichana kutoka kwapani hadi nyongani, mshono sawasawa, bila tone la damu, kana kwamba ngozi ile ilikuwa imezaliwa ikisubiri kushonwa.

Batula alisema "Auzubillahi" akarudi nyuma mpaka ukutani.

Jecinta alikuwa upande wa mbele. Hakuna aliyemwita. Aliona kigurudumu cha tensheni kinageuka peke yake, taratibu, upande wa kukaza, na kila kilipogeuka, nyuma ya pazia Sadia alikoroma kama mtu anayenyongwa. Hakufikiri. Alikishika kwa vidole akakirudisha. Sadia akavuta pumzi. Alipokiachia, kikaanza tena.

"Ni hapa!" alipiga kelele. "Mama Sadia, inatoka hapa! Nikishika anapumua!"

"Shikilia!" Hamdia alijibu. "Shikilia, abaayo, usiachie, nakuomba!"

Ndiyo mara ya kwanza kumwita dada.

Jecinta alishikilia. Alishikilia mchana ule wote, jua likichoma mabati, wateja wakirudishwa mlangoni kwamba leo kuna ugonjwa, na kile kigurudumu kidogo kikisukuma dhidi ya vidole vyake bila kuchoka, kama ulimi wa mnyama, mpaka kucha zikapasuka na damu ikachirizika kwenye chuma, naye akabadilisha mkono na kuendelea, huku akinong'ona Baba Yetu kwa Kiturkana, na harufu ya karafuu maiti ikipanda kutoka chini ya meza hadi machozi yakamtoka.

Sheikh Abdiwali, mtoa majini, alifika baada ya alasiri, na spika yake ya bluetooth na katoni ya maji aliyoyasomea. Alikuwa mtaalamu, kwa maana ya kwamba alikuwa na kadi iliyoandikwa hivyo. Alizoea majini ya wivu, yanayotaka marashi na soda baridi, majini yenye adabu yanayoaga kabla ya chakula. Aliwasha ubani, akawasha spika, akakohoa kikazi. Spika ikazima. Akaiwasha. Ikazima.

Sadia alifungua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kama kitambaa kinachochanwa polepole kwa mkono.

"Mmeshona kisichoshonwa."

Sheikh aliiweka spika chini. Hakuwa amejibiwa namna hiyo kabla, na ilionekana. "Wewe... wewe ni nani?"

"Mimi hufuata sanda inaposhuka kaburini. Nashuka nayo yote. Safari hii ilipungua."

"Unataka nini kwa huyu mtoto?"

"Huyu nilimkuta kwenye uzi tu. Nataka aliyeificha. Nitajieni jina lake na jina la mama yake, kama mnavyofanyaga nyinyi, nimwachie huyu."

Moshi wa ubani ulisimama hewani.

"Sanda ya nani?" aliuliza Batula, polepole kama kawaida yake.

Sheikh aliwatazama wanawake wale wawili, akarudi kumtazama mgonjwa. "Na kama tukikosea jina?" alinong'ona.

"Mimi sichunguzi. Nachukua nitakayepewa. Nikipewa siye, akiisha nitarudi hapahapa kuuliza tena."

Baadaye kuna watakaosema Hamdia alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alimtazama binti yake, midomo imeanza kuwa ya buluu. Alimtazama Batula, ambaye kesho mji mzima ungejua kupitia kwake kwamba mama wa bibi harusi aliiba sanda ya mama mkwe wake. Akajitazama na yeye mwenyewe, jinsi mtu anavyojitazama akiambiwa kuna nafasi ya mmoja.

Upande wa pili wa pazia Jecinta aliita kwa sauti iliyokwisha, "Mama Sadia, vidole vinakatika. Fanyeni haraka, tafadhali."

"Ni mfanyakazi," alisema Hamdia kwa sauti ya chini. "Hajui mambo yetu. Alikiona akakichukua."

"Jina," ilisema sauti.

"Jecinta. Jecinta binti Akiru."

Jina la Akiru hakulitafuta mbali. Akiru ndiye aliyekuwa akitembea alfajiri kutoka Burat na maziwa ya mbuzi, mwaka ule Sadia alipozaliwa na matiti ya mama yake yakakataa.

Uzi ulianza kutoka. Ulijifumua kutoka ngozini mshono baada ya mshono, ukateleza sakafuni kama kitu kinachojua njia, ukapita chini ya pazia. Sadia alivuta pumzi ndefu mpaka akalia. Upande wa mbele Jecinta alisema "Ai," mara moja tu, kama mtu aliyedungwa.

Kigurudumu kikaacha kusukuma. Alitokea kwenye pazia, mikono imelowa damu, akitabasamu.

"Ameamka? Asifiwe Bwana." Halafu akajishika ubavu. "Mama Sadia, ni kama niliskia jina langu. Uliniita?"

"Hapana," alisema Hamdia. "Nenda nyumbani upumzike."

Sheikh alikuwa akikusanya vitu vyake kwa haraka ambayo haikuwa ya kikazi. Mlangoni alimvuta Hamdia kando. "Mama, lile jina una uhakika nalo?"

"Jini limetoka au halijatoka?"

"Limetoka."

"Basi."

Harusi ilifana. Batula aliwaambia watu wote habari ya mfanyakazi mwizi, na mji ukamhurumia Hamdia kwa kuishi na watu wasio na shukrani. Jecinta hakurudi kazini. Hamdia akaketi kwenye cherehani mwenyewe, na hapo akagundua jambo: bobini haiishi. Alishona mapazia ya hoteli, alishona sare za madrasa, alishona usiku na mchana kwa uzi uleule, na kila alipofungua kasha lake aliikuta imejaa, ya rangi ya kahawia nzuri yenye kung'aa, na tensheni imekaa sawa kiasi kwamba mafundi wengine walikuja kuomba siri. Kile kipande cha sanda alikichoma. Bobini hakuitoa.

Miezi kadhaa baada ya harusi, Vincent, mume wa Jecinta, alikuja saa za asubuhi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Salama, Mama Sadia?"

"Alhamdulillahi. Mgonjwa?"

"Hospitali hawaoni ugonjwa. Anakauka tu. Nyama inaisha na mimi naangalia." Alitazama cherehani kisha akatazama viatu vyake. "Anasema anavutwa. Mchana anavutwa kama uzi. Ijumaa ukifunga mwende swala, hapo ndipo anakula. Anameza uji, anacheka na watoto. Nimekuja nikuombe, Mama Sadia. Funga hii mashine. Siku chache tu tuone."

"Vincent, hii ni chuma. Kuna ugonjwa wa chuma?"

"Tuone tu."

"Na Idd iko wiki ijayo. Hizi nguo zote unaona, nitawaambia watu nini? Kwamba mke wa Vincent ameota?" Akalainisha sauti. "Mpelekeni Meru. Kuna madaktari wazuri Meru."

Vincent aliondoka. Alikuwa hajafika kona, na mguu wa Hamdia ulikuwa tayari uko kwenye pedali.

Mkesha wa Idd ulimkuta na rundo lisilopungua. Sadia alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo kwa mimba ya kwanza, amelala chumba cha nyuma miguu juu ya mto. Duka lilikuwa na msichana mpya, Judy, mchangamfu, wa kushona vifungo huku anaimba. Hamdia alikaza mwendo. Nguo ziliingia zikatoka, sindano ikawa moto, uzi wa chini ukashuka na kushuka na kushuka, mkono wa kanzu ukipita, kola ikipita, mpaka katikati ya mshono sindano ikaanza kutoboa matundu matupu.

Bobini ilikuwa imeisha.

Alikuwa bado anaitazama bobini ile, simu ilipolia. Alikuwa Vincent. Hakusalimia. "Amekwenda," alisema, na nyuma yake wanawake walikuwa wanalia kwa sauti ya watu waliojua muda mrefu.

"Poleni sana," alisema Hamdia. "Kweli, poleni. Alikuwa kama dada."

Aliweka simu chini. Akavuta rola la uzi mweupe ili ajaze bobini kama mafundi wote duniani, akafungua kasha, vidole vyake vikagusa kitu cha moto. Bobini ilikuwa inajaa. Uzi ulikuwa unajizungusha polepole, safu juu ya safu, wa rangi nyepesi, ya ngozi ya mtu anayekaa ndani. Harufu ya karafuu maiti ilipanda kutoka chini ya meza.

"Hooyo," Sadia aliita kutoka nyuma ya pazia. Alikohoa. "Hooyo, kuja. Tumbo linabana. Si uchungu, ni kama... ni kama linavutwa."

Hamdia hakwenda. Alisimama pale akiwa ameshika meza, na mtu angempiga picha wakati ule angesema ni mama aliyeshikwa na hofu, na asingekosea. Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kuzunguka dukani. Yakapita kwenye nguo. Yakapita mlangoni. Yakafika kwa Judy, yakatulia.

Alimimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akatia maziwa mengi, akampelekea.

"Kunywa, mwanangu. Umefanya kazi leo."

"Aki asante, Mama Sadia. Haikuwa lazima."

"Hata aibu naona, tumekaa wakati wote huu sijawahi kukuuliza habari za kwenu." Aliketi karibu naye, akamwondoa uzi begani kwa upole. "Mama yako yuko hai? Anaitwa nani?"

Judy alifurahi kuulizwa. Akamwambia.