Kulia, Kulia, Kulia Tu

Mlango wa banda la magari ulikuwa wazi kama mdomo wa mtu aliyeambiwa jambo asiloamini. Gari halikuwemo. Sakafuni palikuwa na damu.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakagonga ko! ko!, akaitazama ile damu bila kuigusa. Kituoni walimpachika jina la Bado, maana ukimuuliza lolote jibu lake la kwanza ndilo hilo. Ripoti tayari, afande? Bado. Umekula? Bado. Utaoa lini? Huko nako, bado. Wakubwa zake walimchoka kwa upole wa mwendo wake, lakini kesi iliyoingia mkononi mwake haikutoka ikiwa mbichi.

"Afande, tuandike mauaji?" aliuliza konstebo wake, binti mwepesi wa mdomo na wa usukani, kwani ndiye pia aliyekuwa dereva wake.

"Bado."

Aliyepiga simu polisi alisimama mlangoni, shati kalivaa ndani nje. Alikuwa mfamasia, mtoto wa pekee wa nyumba ile. Mkononi alikamata kikopo cha dawa kana kwamba akikiachia kitaruka.

"Nieleze tangu mwanzo," alisema Inspekta.

"Nimeamka, mama hayupo. Nikaja huku, gari hakuna, damu ndiyo hiyo. Simu yake kaiacha mezani. Na dawa zake za presha ni hizi hapa, hajazigusa."

"Ni gari gani?"

"Basi dogo. Marehemu baba aliligeuza nyumba. Kitanda ndani, jiko la gesi, sinki, mapazia. Alikuwa fundi, akalishughulikia mpaka majirani wakaliita Chumba na Sebule. Siku alipomaliza kupaka rangi, akaugua. Hakuinuka tena. Lile gari halijawahi kutoka hata nje ya lango."

"Nani alilitaka?"

"Kuna mtu nilikuwa namuuzia. Ilikuwa aje kulichukua leo."

"Mama alijua?"

Mfamasia alitazama kikopo chake. "Sikumwambia. Nilijisemea, akiendelea kulitazama kila siku hatapona. Tangu tumzike baba hajalia, afande. Hata tone. Watu wazima wamembembeleza, lia mama, kilio ni dawa. Yeye anafagia tu. Pameshafagiliwa, anafagia tena."

Simu yake ikaita. Alikuwa mnunuzi.

"Limepatikana?" Sauti ya mnunuzi ilisikika mpaka nje.

"Bado," alijibu mfamasia, akakata.

Konstebo alimtupia jicho mkubwa wake. "Ugonjwa wako unaambukiza, afande."

Wakamleta mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Uliona nini?" aliuliza Inspekta.

"Niliona kidogo, nilisikia zaidi. Alfajiri gari lilikohoa humu, likatoka. Likasimama mbele ya kibanda changu, mama mwenye nyumba akachomoza kichwa dirishani. Nikamwamkia. Akaniambia, 'Mwanangu akiamka, mwambie tumekwenda kulia.'"

Mfamasia alishika ukuta. "Darajani! Barabara ya kushoto inakwenda makaburini, halafu daraja la mto. Mama anakwenda kujitosa!"

Konstebo alikuwa ameshafika kwenye redio, anaita wazamiaji wakimbilie darajani. Inspekta hakusogea.

"Gari lilielekea wapi?"

"Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzee, na gari lenyewe halina taa za nyuma. Lilimezwa."

"Alisema nimekwenda, au tumekwenda?"

"Tumekwenda."

"Una hakika?"

"Masikio haya ndiyo mshahara wangu."

"Na sauti yake?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Kama mtu anayezuia kilio. Au anayezuia kicheko. Mtu usiyemwona sawasawa, hivyo viwili vinafanana."

"Tumekwenda," alirudia Inspekta. "Basi hakuwa peke yake."

"Katekwa!" alisema konstebo.

"Bado."

Akarudi bandani, akainama tena. Matone yalikuwa ya mviringo, yameachana hatua kwa hatua, yakitoka kwenye pikapu ya mfamasia iliyoegeshwa pembeni na kuishia pale basi lilipokuwa.

"Anayeburutwa huacha mchirizi," alisema. "Huyu katembea kwa miguu yake. Tena taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito. Fungua boneti."

"Ya pikapu yangu? Pikapu haijaibiwa, afande."

"Fungua."

Ukingo wa boneti ulikuwa na damu, na juu ya damu alama za vidole zilizo wazi kama muhuri. Ndani, mahali pa betri palikuwa patupu, nyaya zimening'inia kama mikono ya mtu aliyenyimwa.

Konstebo alipiga mluzi. "Basi halikuwa na betri?"

"Ilikufa siku nyingi," alisema mfamasia, macho yamemtoka.

"Basi mwizi wetu alijua kuwa imekufa, na alijua pa kuazima nyingine," alisema Inspekta. "Chukua sampuli ya damu, chukua na vidole. Mimi nakwenda jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwenda."

Jikoni kulikuwa kumefagiliwa hata kwenye pembe. Kando ya sinki vikombe viwili vilikuwa vimefunikwa kifudifudi, bado vina maji. Kimoja kidogo cha kauri. Cha pili kikubwa cha bati, ukingo umebanduka rangi.

"Hiki cha nani?"

Mfamasia alikitazama kama aliyeona mzimu. "Cha baba. Hakuna anayekigusa. Mimi mwenyewe nilikitia mkono siku moja, nikafokewa kama mtoto wa chekechea."

"Lakini alfajiri mtu kakinywea chai, na mama yako kakiosha bila ugomvi. Nani angethubutu?"

"Labda shangazi, dada yake baba. Lakini haiwezekani. Yeye na mama hawasalimiani tangu mazishi. Kila mmoja alimwambia mwenzake, wewe ndiye uliyemchosha ndugu yangu, wewe ndiye uliyemchosha mume wangu."

"Shangazi anafanya kazi gani?"

"Amestaafu. Alikuwa dereva wa basi la shule."

Konstebo, aliyekuwa akiingia na brashi yake ya unga wa alama za vidole, alisimama hapo hapo.

Wakampigia shangazi. Simu imezimwa. Mfamasia akaipiga tena, na tena. Awali alikuwa na mzazi mmoja wa kumhofia, sasa walikuwa wawili, wajane wa mtu mmoja kwa namna mbili, na wote wamekwenda kulia.

"Twende darajani, afande, nakusihi."

Wakaingia garini. Konstebo akawasha, akafika langoni, akashika breki.

"Kushoto au kulia?"

Inspekta aligeuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimeuliza tunakata kushoto, darajani, au kuna mahali pengine unataka tukate kulia?"

Inspekta alishusha kioo upesi, yeye ambaye hakuwahi kufanya kitu upesi. "Mlinzi! Lile neno alilisema mara moja?"

"Hapana, mzee! Alilirudia. 'Tumekwenda kulia, kulia, kulia tu.' Ndiyo maana nilimwonea huruma, nikajua msiba umemzidi."

Inspekta aliegemea kiti, akafumba macho kidogo. "Si kilio," alisema. "Ni upande."

Nyuma yake mfamasia alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. "Baba alikuwa na mzaha wake. Mama akimuuliza, na hilo gari tutakwenda nalo wapi, anamwambia, hatupangi. Kila njia panda tutakata kulia, kulia tu, mpaka tuione nyumba yetu kwa nyuma." Akameza mate. "Na kama tunakosea, afande? Kama ni kilio kweli?"

"Wazamiaji wameshafika darajani. Huko kuna macho. Sisi tukawe macho ya upande mwingine. Binti, kulia."

Kwenye njia panda ya kwanza wakakata kulia. Mbele kidogo palikuwa na kituo cha mafuta, na muuza mafuta alikuwa akifuta pampu kwa hasira.

"Basi lenye mapazia?" alisema. "Wale bibi wawili? Nimewaona. Mmoja kafungwa kitambaa kidoleni. Walikuwa wanabishana nani anajua kufungua kifuniko cha tangi. Nikawauliza, bibi zangu, mnaelekea wapi? Wakasema hawajui! Kisha wakacheka, wakacheka, mpaka nikajitazama kama suruali imechanika."

"Walicheka?" aliuliza mfamasia.

"Nimekwambia walicheka. Tena yule wa usukani kaniita mjukuu, akapunguziwa bei."

Mfamasia alikaa chini kwenye ukingo wa pampu, kikopo cha dawa mapajani, akashusha pumzi iliyoonekana imekaa kifuani tangu siku ya mazishi.

"Wakakata wapi?" aliuliza Inspekta.

"Pale. Kulia."

Konstebo alikuwa ameshatia gia. "Nikikanyaga mafuta tunawapata sasa hivi!"

"Geuza gari."

"Afande?"

"Anayekata kulia kila njia panda hapotei, anazunguka. Kwa nini tuwakimbize mgongoni kama wezi? Twende tukawapokee."

Nyuma ya mtaa ule palikuwa na kilima kidogo, na barabara iliyokipanda ikishuka kurudi mjini. Wakalikuta basi juu ya kilima, limeegeshwa kando, mlango wazi, mvuke ukitoka dirishani. Kwenye ngazi ya mlango walikaa wanawake wawili wa makamo makubwa, sufuria ya viazi vya kuchemsha katikati yao. Macho yao yalikuwa mekundu, yamevimba.

"Mama!"

"Aa, umeshaamka," alisema mama. "Shati umelivaa ndani nje."

Inspekta alivua kofia. "Shikamooni. Mimi ni polisi. Nani kaiba gari hili?"

"Mimi," walijibu wote wawili.

"Wewe mwizi wa wapi?" mama alimgeukia wifi yake. "Mwizi ni mimi. Wewe ni dereva tu."

"Betri kaichomoa nani? Malaika?"

"Na damu?" aliuliza Inspekta.

Shangazi aliinua kidole chenye kitambaa. "Hii hapa. Boneti ya huyu mtoto ina makali kama ulimi wa mama yake."

"Mliniacha nikidhani mmekufa!" Mfamasia alikuwa anacheka na kufoka kwa wakati mmoja. "Tumeita wazamiaji!"

"Nilimwachia mlinzi maneno."

"Maneno gani hayo, mama? Tumekwenda kulia!"

Mama alimtazama, kisha akamtazama wifi yake, kisha wakashika vichwa. "Toba! Sikulifikiria hilo."

Mfamasia akampa dawa na maji. Akameza bila ubishi.

"Sasa sema kwa nini," alisema Inspekta kwa upole.

Mama aliweka kikombe chini. "Nilimsikia akiongea na mnunuzi. Alijifungia bafuni, lakini mlango ule aliutengeneza baba yake, hauzuii sauti." Hakuwa amekasirika. "Nikajua siku imebaki moja. Mimi sijui kuendesha. Nikameza aibu, nikampigia wifi."

"Hakusema hata hujambo," alidakia shangazi. "Kasema, wewe mchawi, bado unajua kuendesha? Nikamwambia nimebeba watoto wa watu umri wangu wote, nitashindwa kubeba kifurushi kimoja?"

"Akaja. Nikampa chai kwenye kikombe cha kaka yake."

Shangazi alitazama viazi.

"Mwanangu, watu wananiambia lia, lia. Ningeliaje? Mtu humlilia aliyekwisha kuondoka, na baba yako alikuwa hajaondoka. Alikuwa bandani, ananisubiri twende. Leo nilipoona barabara kupitia dirisha alilolitengeneza, kwenye njia panda ya pili, kilio kikaja chenyewe. Huyu akaegesha gari, tukalia mpaka tukasikia njaa."

Konstebo alijipangusa pua kwa mkono wa sare.

"Afande," alinong'ona, "tuandike wizi?"

"Mjane haibi gari la mumewe. Iliyobaki ni kesi ya betri. Mlalamikaji?"

"Nimesamehe," alisema mfamasia. "Na mama unisamehe. Nilikuficha."

"Kula kiazi," alisema mama, na hilo likawa ndilo jibu.

Inspekta alichukua redio. "Tokeni majini," alisema. "Hakuna maiti. Kuna bibi wawili, wanakula."

"Imebaki njia panda moja," shangazi alisema akishika usukani. "Anayekuja aje."

Mfamasia akapanda. Inspekta, kwa sababu za kiupelelezi, naye akapanda. Basi likashuka, likakata kulia, na pale mbele, nyuma ya ua, nyumba ikajitokeza kisogo: paa lenye kutu, dirisha la jikoni, bomba la maji lililofungwa kwa kamba.

"Kumbe ni ndogo hivi," alisema mama. Akaweka kiganja kwenye kioo. "Umeiona, baba yake?"

Simu ya mfamasia ikaita.

"Vipi," iliuliza sauti ya mnunuzi, "gari limepatikana?"

Mfamasia aliyatazama mapazia, sinki, kisogo cha shangazi yake, mkono wa mama yake kiooni. Akamtazama Inspekta, ambaye ghafla alianza kuchunguza mawingu.

"Bado," alisema.